Neeltje Ametangulia

Jolanda Verhage, jirani yetu wa ghorofa ya tatu kule Charlois, mtaa wa Rotterdam, alikuwa mwanamke wa kuchekacheka. Ukikutana naye ngazini na mifuko yake ya sokoni, lazima akutanie kidogo kabla hajakupisha. Leo hii anapita kimya, mkono mmoja ameuficha ndani ya koti, na kila anayemjua anaweza kukuambia alianza lini kuwa hivyo. Ni tangu Jumamosi ile alipomtembeza mama yake mdogo mjini.

Ilikuwa mwezi wa tano. Jua lilikuwa limetoka na Rotterdam nzima imetupa makoti. Maatje, mdogo wa marehemu mama yake, alikuwa amekuja jana yake kutoka Zeeland. Bibi wa miaka sabini na kitu, mfupi, mwenye mdomo. Hakuwa amekanyaga mjini tangu dada yake Neeltje azikwe wakati wa baridi.

"Leo unanitembeza," alisema asubuhi, akinyunyizia mkate wake chembe za chokoleti kama mtoto. "Meli, mnara, kila kitu. Neeltje kaishi hapa miaka mitano, na kila nikimpigia simu ananiambia, Jo atanipeleka Jumamosi. Nataka niuone huo mji wa Jumamosi."

"Mama mdogo na wewe, kwa maneno," Jolanda alisema. Alicheka, ila hakumtazama usoni.

Ni kweli alimhamisha mama yake kutoka kisiwani kule Zeeland baada ya baba kufa, akampangia chumba mitaa miwili kutoka kwake. Dirisha la jikoni lilionyesha ncha ya mnara na winchi za bandarini. Mama hakuomba makubwa. Alitaka apande meli ya kuzunguka bandari, apande mnara, arudi nyumbani. Na Jolanda alikuwa na jibu moja. Nina shughuli nyingi, mama. Jumamosi ijayo.

Walifika gatini karibu na daraja kubwa jeupe wakati watu wameanza kupanda. Mwanamke wa tiketi aliwatazama akatabasamu.

"Nyie ndio mko na yule bibi, siyo? Keshaingia. Kasema mtamkuta."

"Bibi gani?" Maatje aliuliza.

"Wa koti la kijani. Nikamwambia avue, na joto hili. Akasema atavua akirudi nyumbani."

Maatje akaona kichekesho. "Basi kuna kizee mwingine kapotelewa na watu wake," alisema, akapanda.

Ndani meza zote zilikuwa zimejaa isipokuwa moja, mbele kabisa, dirishani, yenye viti vitatu. Juu yake palikuwa na kikombe cha kahawa inayofuka moshi na biskuti iliyokatwa katikati, nusu imewekwa pembeni kwa ajili ya mtu. Mhudumu alisema meza ni yao, bibi aliwashikia. Maatje alikaa, akaisogeza kahawa, akaanza kushangaa meli na makontena yaliyopangwa kama majumba.

Jolanda alikuwa anatazama kioo. Mbele ya kile kiti kitupu palikuwa na duara la ukungu, chini kidogo, kimo cha mtu mfupi aliyekaa na kusogeza uso dirishani. Ukungu ulififia. Ukarudi. Ukafifia tena, ukarudi, taratibu, kama mtu anavyopumua.

"Neeltje alikuwa na koti la kijani," Maatje alisema ghafla, macho bado majini. "Nililitafuta baada ya mazishi. Nilitaka nibaki nalo. Lilikwenda wapi?"

"Sijui, mama mdogo."

Alijua. Jumamosi ya mwisho alikuwa ameahidi kweli, na saa akaitaja, na mama akasema atakuwa tayari. Mchana Jolanda akapiga simu kwamba ameitwa kazini. Jumapili alipofungua mlango wa mama yake alimkuta amekaa kwenye kiti cha ukumbini, koti limefungwa vifungo vyote, mkoba mapajani, uso umeelekea mlangoni. Alikuwa wa baridi.

Kabla ya kumwita daktari, Jolanda alimvua koti. Mkono ulikuwa umekakamaa, haukutaka kutoka kwenye mkono wa koti, ikabidi auvute. Akambeba mpaka kitandani, akamfunika. Akawaambia watu wote mama kafa usingizini, hata hakuhisi kitu. Koti alilitumbukiza kwenye pipa la nguo kuukuu la mtaani. Hakuna aliyejua habari ya koti lile. Hata Ruud, mumewe, hakujua.

Meli ilipotia nanga alitaka warudi nyumbani. Alisema kichwa kinamuuma.

"Kichwa hakitembei," Maatje alijibu. "Mnara."

Mlangoni mwa mnara kijana mwenye sare alichukua tiketi zao. Hata hakuulizwa.

"Mama yenu yuko juu tayari," alisema. "Nilimwambia awasubiri. Kasema binti yake ana shughuli nyingi, atakuja akipata nafasi."

Safari hii Maatje hakucheka. Ndani ya lifti alimtazama Jolanda mpaka mlango ukafunguka.

Juu palikuwa na upepo na watu wengi wanaopiga picha. Mto Maas ulikuwa unang'aa chini yao. Maatje alimvuta mpaka kwenye kingo.

"Siku ile ulikuwa wapi, Jo?" alinong'ona.

"Siku gani?"

"Unaijua."

Kutoka pale Jolanda aliuona mgahawa wa kando ya mto, na baraza lake la kioo. Hapo ndipo alipokuwa, na mashoga zake wawili, mchana kutwa. Simu iliita mezani mara kadhaa. Aliona jina. Akaigeuza kifudifudi.

"Kazini," alisema.

Wakati huohuo kile chumba cha vioo kinachopanda huku kikizunguka nguzo ya mnara kilikuwa kinaondoka na watu wake. Wote waliokaa ndani walikuwa wametazama nje, kwenye mji, kama afanyavyo yeyote. Mmoja tu alikuwa amesimama akiyapa mgongo madirisha. Mfupi. Wa kijani. Hakutazama mji. Alikuwa anamtazama Jolanda. Chumba kikazunguka, kikampeleka upande wa pili.

Jolanda hakusubiri kizunguke tena. Alishuka. Maatje akamfuata.

Njia fupi ya kurudi Charlois kwa miguu ni ile inayopita chini ya mto. Jolanda alitaka basi. Maatje alikataa, kwa sababu Neeltje alikuwa amemsimulia ngazi za mbao zinazotembea zenyewe, na alitaka kuziona. Wakashuka. Kule chini ni njia ndefu yenye vigae, dari la chini, taa za manjano, na juu ya kichwa maji yote yale. Jumamosi huwa na watu. Siku hiyo hapakuwa na mtu.

Maatje alitangulia, fimbo yake ikigonga sakafu. Jolanda alikuwa nyuma, anajivuta.

Akahisi ameshikwa mkono. Juu kidogo ya kiwiko, kama wazee wanavyokushika wakiogopa kuteleza. Akaulegeza mkono bila kufikiri, kumpa mama mdogo egemeo.

Kisha akasikia fimbo. Ilikuwa mbali, mbele.

Hakugeuka. Hakukimbia pia, maana mkono ule ulikuwa na uzito, na uzito ule ulikuwa unatembea polepole. Hatua moja. Kupumzika. Hatua moja. Baridi ilikuwa inapenya sweta.

"Mama," alinong'ona.

Mkono ukakaza.

"Sikuwa kazini. Nilikuwa nimekaa tu. Niliona unapiga. Nikaacha iite."

Maji yalisikika, au damu yake masikioni.

"Na koti nililitupa. Nisamehe, mama."

Alingoja aachiwe. Hakuachiwa. Mkono haukukaza zaidi, haukulegea. Ulikuwa unataka kwenda nyumbani tu. Wakaendelea hivyo mpaka mwisho wa njia, mpaka kwenye ngazi za kupandia. Alikanyaga ubao wa kwanza, ukalia. Kando yake, juu ya ubao huohuo, pakalia tena.

Maatje alikuwa amesimama juu, mlangoni, mwanga wa mchana mgongoni mwake. Aliwaona wakija. Uso ulimbadilika, lakini hakupiga kelele. Alisogea ukutani kuwapisha. Nafasi aliyoacha ilikuwa ya watu wawili.

"Mpeleke nyumbani, Jo," alisema kwa sauti ndogo. "Kachoka."

Maatje hakulala Charlois usiku ule. Alichukua begi lake, akapanda gari moshi la jioni kurudi Zeeland, na hajaja tena. Akipigiwa simu anaongea habari za bustani na hali ya hewa. Kabla ya kukata huuliza, "Mko salama nyote?" na Jolanda hujibu ndiyo, wote.

Ruud ndiye aliyeziona alama, Jolanda alipovua sweta. Vidole vinne nje, gumba ndani, rangi ya maziwa yaliyochanganywa na maji. Alimpapasa, akaondoa mkono wake haraka. Daktari alisema ni damu haizunguki vizuri, akampa dawa ya kupaka. Alipaka ikaisha. Ngozi ile haipati joto, hata akiiweka juu ya birika.

Siku hizi hatoki bila koti. Ruud aliniambia sababu, tukiwa tumesimama ngazini, akitazama juu kama mlango wao uko wazi. Alama hazikai mahali pamoja. Wakati wa kiangazi zilikuwa juu ya kiwiko. Majani yalipoanza kuanguka zilikuwa katikati ya mkono. Sasa zimefika kwenye kifundo, na jana asubuhi, akimmiminia chai, aliona kidole kimoja cha alama zile kimeshaingia kiganjani.