Alifikiri Amemukata kwenye Picha

Ndugu yangu unayesoma, hata mimi nilipoambiwa nilikataa. Nikasema mtu hawezi kujimaliza hivyo na kidole chake mwenyewe! Lakini ilitokea, hapa hapa Rubondo, mchana kweupe, wazee wa pande mbili wamekaa. Shika simu yako vizuri.

— Gisèle! Usiguse hiyo machine!

Gisèle alishituka mpaka akaangusha kanga. Machine ni yake, ile kompyuta ya kukatia video. Emery, mchumba wake, kazi yake ni kamera. Kukata video kwenye ordinateri ni kazi ya Gisèle. Miaka miwili wanatengeneza arusi za watu hivyo, mmoja anapiga picha, mwingine anakata. Leo anaingia, anamkuta Emery amekaa kwenye kiti chake, jasho linamtoka kama mtu wa malaria.

— Chéri, unafanya nini pa fasi yangu?

— Niko namalizia arusi ya ndugu yangu Valentin. Bazee banataka kuiangalia leo, mbele baanze mambo ya mahari yako.

— Na sauti iko wapi?

— Nimeitoa. Makelele ilikuwa mingi. Na kando kando nimekata, kulikuwa batu bachafu-bachafu. Acha tu hivyo, mupenzi.

Gisèle aliangalia dirisha la kuonyesha video kwenye machine. Bibi arusi na Valentin walijaa kioo chote, nyuso kubwa kama sinia. Akaona pale chini, alama ya kukuza: asilimia mia mbili. Na kale kaspika kadogo, kamepigwa mstari.

Yeye anajua mambo haya. Emery hakukata kitu. Alikuza tu picha kwenye dirisha, akazima sauti hapo dirishani tu. Video yenyewe iko nzima, na sauti yake yote.

Sasa, ni nini anaficha?

Simu ya Emery ikalia. Akaiangalia, akatoka mbio nje, akaongea chini chini nyuma ya nyumba. Gisèle akashika souris, kale kapanya ka machine. Mshale ukasimama juu ya ile mia mbili. Iache, moyo ulimwambia. Rudi jikoni, pika, olewa.

Akabonyeza. Picha ikarudi nzima. Akafungua sauti kidogo tu.

Ni ukumbi wa Ruharo, kule Mbarara, arusi ile ambayo Gisèle hakuenda kwa sababu mama yake, Mama Godeberthe, alikuwa mgonjwa. Katikati, Valentin anavalisha pete. Kamera imesimama yenyewe kwenye miguu yake mitatu. Na huko kushoto, pembeni kabisa, ni Emery. Mwanamke wa kitenge cha manjano anakuja, anamtia mtoto mikononi.

"Papa Ishema, shika mutoto wako, mukono umenichoka."

Na Emery anamshika. Anambusu kipaji cha uso. Hajashangaa hata kidogo.

Gisèle alirudisha. Akapeleka picha moja, moja, moja. Yale masikio! Yale masikio ya mtoto, ya kusimama, ya Emery kabisa!

Hatua nje. Haraka akarudisha mia mbili, akazima spika, akasimama.

— Umegusa?

— Hapana.

— Mbona uko hivyo?

— Niko na woga ya leo. Emery...

— Nini?

— Kuko kitu unataka kuniambia, mbele bazee bakae? Hata kikiwa kibaya. Niambie miye, hapa, shiye babili.

Emery alimwangalia sana. Gisèle aliomba Mungu: sema, tafadhali, sema, nitalia lakini nitasikia.

— Hakuna kitu, chérie. Weye tu ndiye niko naye.

Halafu akainama, na kidole chake mwenyewe akabonyeza kutengeneza video ya mwisho, ile ya kuonyesha wazee.

Gisèle alibaki anaangalia mstari kwenye kioo unajaa. Asilimia kumi. Arobaini. Angeweza kuusimamisha. Tisini. Baba yake, Papa Anselme, ameshavaa koti. Mbuzi wa mahari wamefungwa nje ya kanisa, pale wazee watakaa. Mia.

Saa nane. Wamefunga mapazia, proyekta inapiga ukutani. Mzee Gervais, baba mdogo wa Emery na msemaji wao, anachekesha watu:

— Muangalie vile shiye tunaoaka! Kwetu hatuibake mutoto ya mutu!

— Tutaona! Mama Godeberthe akamjibu, kanisa likacheka.

Gisèle hakucheka. Pale pa kuvalisha pete pakafika. Ukuta wote ukajaa: katikati Valentin, na kushoto, mkubwa kuliko mtu wa kweli, Emery na mtoto.

"PAPA ISHEMA, SHIKA MUTOTO WAKO, MUKONO UMENICHOKA."

Bafle za kanisa, zile spika kubwa, hazifichi. Mzee Gervais akaangalia viatu vyake. Alikuwa anajua, huyu mzee! Na Emery akasimama, akapiga kelele mbele ya kila mtu:

— Lakini nilimukata! Nilimukata miye mwenyewe!

Papa Anselme akageuka pole pole.

— Ulimukata nani, mwanangu?

— Hakukata mutu, Papa, Gisèle akasema. Alijifunika macho yake tu.

Papa Anselme akachukua kofia yake.

— Gervais, fungua mbuzi zako, murudi nazo.

Jioni ujumbe wa Emery ukaingia: "Gisèle ulijua. Uliona na ukaniacha niaibike. Ungeniambia tu."

Akaandika: "Nilikuuliza." Halafu akaizima simu, akafunika machine kwa ile kanga.

Mpaka leo watu wa Rubondo wanagombana. Wengine wanasema Gisèle alimwaibisha mtu bure, angesimamisha ule mstari. Wengine wanasema alimpa nafasi, mtu akaikanyaga. Sasa weye, ungekuwa pale umeshika souris, mstari uko tisini, baba yako ameshavaa koti... ungefanya nini?