Shanta la Mabaka

Kila akitoka shule, Chapuchapu alikuwa na kazi moja kabla ya kula: kuokota pini. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana yake, mlango ukitazama barabara. Kufikia saa tisa alasiri sakafu ilikuwa imejaa nyuzi, vitambaa na pini. Msichana huyo alipitisha sumaku kila pembe, akazirudisha pini kwenye kopo, kisha akafagia. Jina la Chapuchapu alipewa na mama yake mwenyewe, kwa sababu kila jambo alilifanya mbiombio, akamaliza kwanza na kufikiri baadaye. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili.

Wiki ile darasa lao lilitangaziwa safari ya siku tatu ya kupanda mlima, ambayo ingefanyika baada ya mwezi mmoja. Mwalimu wa michezo alisema kila mwanafunzi atabeba vitu vyake mwenyewe mgongoni.

"Basi tutanunua shanta," alisema mama, macho yakiwa kwenye sindano ya cherehani. "Yale mabegi ya turubai kama ya askari. Ni magumu, yana mifuko mingi, na ya mitumba hayaumizi mfuko. Jumamosi tutakwenda pamoja."

"Mama, mpaka Jumamosi mazuri yote yatakuwa yamekwisha! Nipe hela niende kesho nikitoka shule."

"Wewe na haraka zako!" Mama alikata uzi kwa meno, akatazama rundo la sare za shule zilizokuwa zikimsubiri, akashusha pumzi. "Haya, nenda. Lakini chukua la kijani tupu au la rangi ya udongo. La mabaka mabaka kama nguo za jeshi usiliguse hata kwa kidole. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Kusikia alisikia. Kuuliza sababu ndiko alikosahau, maana akili yake ilikuwa imeshatangulia sokoni.

Kesho yake alisimama mbele ya muuza mitumba mmoja mwenye maneno mengi. Mashanta ya kijani yalikuwa yananing'inia kwenye kamba, lakini lililomfaa lingemaliza pesa zote alizopewa. Muuzaji alimwona anavyosita. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akainama chini ya meza na kutoa shanta la mabaka, jipya kabisa, lenye mikanda mipana na vifungo vya chuma.

"Hili nakupa kwa nusu bei, mdogo wangu. Ukitokea nalo, darasa zima litakukoma."

Chapuchapu alilitazama, na onyo la mama likayeyuka. Hakuvuta mikanda kuona kama imeshonwa vizuri, wala hakuligeuza ndani nje kama alivyozoea kumwona mama yake akifanya. Alilipa. Muuzaji akalizungushia magazeti mpaka lisionekane hata ncha.

"Usilivae hapa," alinong'ona. "Lifikishe nyumbani kwanza."

"Kwa nini?"

"Lisije likachafuka," alijibu, na tayari alikuwa anamwita mteja mwingine.

Kwenye njia panda nje ya soko, watu walikuwa wamesimama wakitazama. Wanajeshi wawili walikuwa wamemkalisha kijana mmoja chini, kwenye vumbi. Kofia yake ilikuwa mkononi mwa mwanajeshi mmoja. Ilikuwa ya mabaka.

"Amefanya nini?" Chapuchapu alimuuliza mama mmoja aliyekuwa karibu.

"Si kofia hiyo? Raia haruhusiwi vazi la jeshi wala chochote cha mabaka. Wakimhurumia watamnyang'anya. Wasipomhurumia, leo hatalala kwao. Na hiyo ni kofia tu, mwanangu!"

Chapuchapu alirudi nyuma hatua moja. Alichobeba kwapani kilikuwa kikubwa kuliko kofia kumi, na gazeti lilikuwa limeanza kuchanika pembeni. Aliligeuza upande uliochanika, akalikumbatia kwa nguvu, akaanza kutembea. Alitaka kukimbia, lakini aliogopa wangemwona. Njia nzima alingoja kusikia sauti ikisema, "Wewe binti, simama!"

Alipofika nyumbani, mama alikuwa ametoka kupeleka nguo za mteja. Chapuchapu alizunguka chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Uvunguni mama hufagia, na kabatini huingia kila siku. Mwishowe aliona gunia la vipande vizito, yaani masalio ya turubai na jinzi ambayo fundi huyatumia mara chache. Alilisukumiza shanta mpaka chini kabisa, akafunika.

"Umepata?" mama aliuliza aliporudi.

"Hayakuwepo mazuri. Wamesema yataletwa Jumamosi. Hela nimezitunza." Uongo ulimtoka laini.

Asubuhi iliyofuata, wakiwa kwenye jaribio la hesabu, jambo lingine lilimjia kichwani na likamfanya aache kalamu. Alikumbuka siku moja mteja alipoleta suruali ya mabaka ipunguzwe, na mama akakataa katakata. "Fundi akikutwa na kitambaa hiki," mama alisema, "cherehani inakwenda, na yeye mwenyewe anakwenda." Siku ile Chapuchapu alikuwa akiokota pini, wala hakujali. Sasa aliyaelewa maneno yale yote. Shanta likionekana, hawatamkamata yeye. Watamkamata mama.

Siku mbili zilizofuata hakutulia. Mlango ukigongwa, anaruka. Akisikia viatu vizito barabarani, anahesabu hatua mpaka zipite. Sahani ya chakula aliisukuma kando.

"Una homa?" mama alimshika paji la uso.

"Hapana, mama." Alitaka kusema. Kila alipofungua mdomo, alimwona yule kijana ameketi kwenye vumbi, ila uso ulikuwa wa mama yake.

Ijumaa alasiri, akiwa anaokota pini, kivuli kiliziba mlango. Alipoinua macho aliona kwanza buti, kisha suruali ya mabaka, kisha mwanajeshi mzima mwenye begi la safari mkononi.

Kopo la pini lilimponyoka. Pini zikatapakaa sakafu nzima.

"Chapuchapu!" mama alifoka. "Karibu, afande. Angalia usichomwe, leo mikono ya binti yangu haishiki kitu."

"Asante, fundi. Naenda likizo, na begi langu limechanika hapa kwenye mkanda. Basi linaondoka saa kumi. Utaniwahi?"

Mama alilipokea begi, akaingiza vidole kwenye tundu. "Hapa panataka kiraka kizito. Turubai ninalo." Akageukia gunia.

"Mama!" Chapuchapu alisimama katikati yao. "Nitatafuta mimi!"

"Huwezi. Sogea." Mama alikwisha kuzamisha mkono. Alichambua vipande, akashika kitu kigumu, akavuta. Ukatokea mkanda mpana, kisha shanta zima la mabaka, na vipande vya gazeti vikaanguka sakafuni.

Mama alilitazama shanta mkononi mwake kana kwamba ni nyoka.

"Fundi," mwanajeshi alisema, sauti yake imebadilika, "hili ni la nani?"

"Afande, mimi... sijui. Sijawahi kuliona."

"Limo kwenye gunia lako na hujawahi kuliona?"

Chapuchapu aliona mikono ya mama ikitetemeka, ile mikono iliyokuwa ikitunga uzi kwenye sindano bila hata kutazama. Miguu yake ilimwambia akimbie. Hakukimbia.

"Ni langu!" alisema, na kilio kikamtoka. "Mama hajui chochote. Alinikataza nisinunue, nikanunua. Nikaficha. Nikamdanganya. Nichukue mimi, afande, usimchukue mama!"

Mwanajeshi alichuchumaa mpaka macho yao yakalingana, akamuuliza alinunua wapi na kwa nani. Chapuchapu alieleza yote, hata kuhusu magazeti.

"Simchukui mtu," alisema mwisho. "Ila shanta hili ninaondoka nalo, nalipitisha kituo cha polisi kabla ya kupanda basi, na huyo muuzaji ataulizwa. Sikiliza, binti. Mwezi uliopita watu waliovaa mabaka walisimamisha gari la abiria. Dereva alisimama kwa sababu aliona nguo, akadhani ni sisi. Wakawaibia wote. Ndiyo maana tunakuwa wakali."

Mama alishona kiraka. Mwanajeshi alipoondoka, alikaa kwenye kiti chake na kulia kidogo, akajifuta machozi kwa upande wa kanga.

"Umenikasirikia, mama?"

"Nimekukasirikia sana. Anza na hizo pini."

Pesa ilikuwa imepotea, na mama hakuwa na nyingine. Chenji iliyobaki haikutosha kununua shanta jingine. Kwa Jumamosi mbili Chapuchapu alishona vifungo na kukunja pindo za sare, akipewa ujira kama mfanyakazi yeyote. Jumamosi ya tatu walikwenda sokoni pamoja. Mama aliligeuza kila shanta ndani nje, akavuta mikanda huku amelibana kwa goti, akanusa kitambaa kama kina ukungu, akafungua na kufunga zipu mara tano. Walichagua la kijani tupu, limepauka kidogo na lina kifungo kimoja pungufu, na kwa ajili ya kifungo hicho muuzaji alipunguza bei.

Walipokuwa wanarudi, mama alimshika mkono.

"Kitu cha halali hakiuzwi kwa kunong'ona. Ukiambiwa ukifiche, kiache hapohapo, hata kikiwa cha bure," alisema. "Hilo ni la kwanza. Lakini lililoniuma zaidi si shanta. Mwanangu, siku mbili nzima uliogopa hivyo, mimi nikiwa chumba hichohicho, na hukuniambia. Ukikosea, njoo na kosa lako mapema. Nitafoka, ndiyo. Nikishamaliza kufoka, tutatafuta njia wawili."

Chapuchapu alilihamishia shanta bega la pili.

"Mama," alisema, "lile jaribio la hesabu la siku ile, sikuandika hata jibu moja. Nimepata sifuri."

Mama alisimama palepale barabarani, akavuta pumzi ndefu, akaanza kufoka.