Hanna na Ngazi ya Zimamoto

Kila Jumamosi Hanna aliamka mapema, akafagia uwanja, kisha akashindilia maranda ya mbao kwenye jiko la debe. Maranda hayo aliyapata kwa maseremala wa mtaani kwao, Ngarenaro, na yakishindiliwa vizuri huwaka taratibu tangu asubuhi hadi alasiri. Kwa kupika makande, mahindi na maharage yanayochemka kwa saa nyingi, hakuna jiko linaloshinda hilo. Mama yake, Fransiska, aliuza mitumba sokoni, biashara iliyoshamiri tangu serikali iruhusu nguo za nje, kwa hiyo Hanna ndiye aliyebaki na sufuria.

Jumamosi moja mwili wa Hanna ulikuwa kando ya jiko pale uwanjani, lakini moyo ulikuwa kwenye kituo cha zimamoto. Shule zote za mjini zilikaribishwa huko kuona magari na mazoezi ya uokoaji, na aliyetaka angepandishwa ngazi ndefu. Hanna aliitamani ngazi hiyo kupita kiasi. Alilelewa na bibi yake kule juu, kwenye miteremko ya Mlima Meru, kisha akaletwa mjini kusoma, na haikupita siku bila kumkumbuka. Aliamini kwamba akifika juu ya mapaa yote ataiona migomba ya bibi.

Mama alimruhusu aende makande yakishaiva, akamwonya asiliache jiko peke yake. Lakini makande hayana haraka. Hadi saa sita Hanna alikuwa bado anabonyeza maharage magumu. Akajiambia kwamba jiko la maranda halihitaji mtu. Kwa kuhofia mbwa wa mtaani, akaepua sufuria, akaliburuta jiko ndani karibu na gunia la maranda ya akiba, akairudisha sufuria, akafunga mlango na kukimbia.

Kituoni alikuta askari mmoja, Afande Philemoni, akitia kaa dogo la moto ndani ya gunia la maranda. Aliendelea kuzungumza, gunia likabaki kimya, watoto wakaanza kumtania. Mara likashika moto.

"Moto wa maranda hutembea ndani kwa ndani," Afande akasema. "Ukiuona, umeshachelewa."

Wakati huo Hanna alikuwa mbele kabisa ya foleni, kofia ngumu kichwani, na aliyemtangulia alikuwa anateremka. Akalikumbuka gunia la nyumbani. Angeweza kupanda kwanza, atazame upande wa mlima mara moja tu, halafu akimbie nyumbani. Nani angejua? Aliiangalia ngazi kwa uchungu mkubwa. Kisha akavua kofia.

"Shikamoo, Afande," alisema. "Nimeacha jiko la maranda linawaka ndani. Kuna gunia pembeni. Na chumba cha pili amelala mtoto wa jirani yetu, Mama Aikaeli."

Afande akawaita wenzake. Akampakia garini, king'ora kikalia mpaka Ngarenaro. Siku nyingine Hanna angejiona malkia, lakini siku hiyo alilia njia nzima.

Moshi ulikuwa ukipenya chini ya mlango. Maranda ndani ya jiko yalikuwa yamebomoka, makaa yamemwagika nje, na gunia lilikuwa likiungua kimyakimya. Askari walilimwagia maji, wakamtoa mtoto wa jirani akiwa bado na usingizi. Kilichoteketea ni gunia na pazia tu.

Mama alipofika na kusimuliwa, alikaa chini. Hanna alisubiri fimbo. Badala yake mama akamwuliza alitaka kuona nini kule juu. Hanna akamweleza habari za migomba ya bibi, akakiri kwamba hata sasa bado anaitamani ngazi ile.

"Mimi nilidhani umeshazoea mjini," mama akasema polepole. "Umekosea kuacha moto, lakini kweli uliyoisema imemwokoa mtoto wa watu. Kutamani si kosa, mwanangu. Kosa ni kuiacha tamaa ikuongoze mpaka usahau ulichokabidhiwa. Siku nyingine ukimkumbuka bibi, niambie. Tutapanda kwenda kwake."

Hanna akalaza kichwa mapajani mwa mama yake, akalia upya, maana tangu aje mjini hakuna aliyewahi kumwuliza anatamani nini.