Kitanda cha Mumiani

Kila kitu kwenye ile picha kilikuwa kimekauka isipokuwa kivuli. Kitanda kilikauka, mashuka yakakauka, uso wa yule mama aliyepiga magoti ukawa mgumu na laini kama sahani. Lakini kona ya nyuma ya kitanda, pale palipojazwa kahawia nzito, ilikuwa mbichi kana kwamba imepakwa jana, na picha yenyewe ilimalizika tangu majira ya baridi. Perrine aliligundua hilo siku ya vanishi, alipomwona binti yake Odile akisugua kidole kwenye aproni, na kidole hakitakati.

"Umegusa picha ya baba?"

"Kidogo tu, Mama. Ilikuwa ya moto."

Siku ya vanishi ndiyo siku wanayoruhusiwa wachoraji kuingia kabla ya watu, na ngazi zao na brashi zao, kuzing'arisha picha na kurekebisha yale yaliyowanyima usingizi. Ni siku ya kuchunguliana pia. Mwaka ule Paris iliwaalika wachoraji wa mataifa yote, kila taifa na kumbi zake, na wivu nao ulikuwa wa mataifa yote. Anselme, mume wa Perrine, alikuwa juu ya ngazi akiimba. Kwa miaka mingi picha zake zilirudishwa nyumbani zikiwa na muhuri wa kukataliwa mgongoni, na sasa picha yake imetundikwa usawa wa macho, mahali ambapo waamuzi wa medali hawahitaji hata kuinua shingo. Ng'ombe wa maskini hazai, wanasema, na huyu wa kwake alikuwa amezaa.

Picha aliiita Mkesha. Mtoto mgonjwa kitandani, mama amepiga magoti, taa moja, na nyuma yao giza. Mama alikuwa Perrine na mtoto alikuwa Odile. Walikaa mbele yake awachore majira yote ya baridi, maana mtu wa nje hulipwa, mke halipwi.

"Giza gani hilo!" alisema Gaspard, mchoraji ambaye picha yake ilitundikwa jirani na yao. "Umemwaga kaburi zima hapo, wewe."

"Mumiani," Anselme akajibu kwa majivuno. "Mumiani tupu, na lami juu yake. Hakuna kahawia nyingine yenye kina kama hicho."

"Mumiani ni nini, Baba?" Odile akauliza.

"Rangi tu, kipenzi."

Jina lenyewe lingetosha kumkimbiza mtu mwenye akili zake. Perrine alipombana mumewe pembeni, Anselme alimweleza bila haya, kama mtu anayeeleza unga umetoka kinu gani. Ni maiti za Misri, zile kavu zilizofungwa vitambaa. Zililetwa kwa meli, zikasagwa, zikachanganywa na mafuta, zikatiwa kwenye tyubu. Wachoraji wote wanaijua. Tyubu moja ina watu wangapi, nani atahesabu?

Kisha akapanda tena ngazi, akaitazama picha kwa jicho moja.

"Mtoto amenona mno," akasema. "Waamuzi hawamlilii mtoto aliyenona."

Akachovya brashi kwenye mumiani, akamtia mtoto weusi chini ya macho, akayachimba mashavu, akaziloweka nywele. Halafu akafunika yote kwa vanishi, kavu na mbichi pamoja. Kosa hilo kila mwanafunzi wa uchoraji hukatazwa, na kila mchoraji mwenye haraka hulifanya.

Jioni ile Odile hakutaka kula.

"Nguo inanibana, Mama."

Perrine akamlegeza vifungo, akamvua aproni, akamvua gauni, mtoto akabaki na shimizi iliyompwaya.

"Bado inabana. Hapa, na hapa." Akaonyesha mikono, kisha miguu, kisha mdomo.

Kiangazi kikaja na joto lake. Paris nzima ilitoka jasho, isipokuwa Odile. Ngozi yake ilikauka, ikaanza kubadilika rangi kwenye viungo, na nywele zake zikatoa harufu ya manemane, harufu ya kanisani, ila chini yake kulikuwa na kitu kingine ambacho kanisani hakipo. Daktari akasema ni damu nyepesi, anywe mvinyo mwekundu na ale nyama. Odile akatafuna nyama, akaitoa nzima. Mchana alilala chali, mikono imebana mbavuni, na Perrine akimgeuza, alimkuta mwepesi kuliko siku iliyopita.

Jumapili moja akaenda kwenye maonyesho. Mbele ya Mkesha watu walijazana hadi akalazimika kusukuma kwa viwiko. Bibi mmoja alikuwa anajifuta machozi.

"Tazama alivyochorwa malaika wa mauti," bibi yule akamnong'oneza mwenzake. "Anamjia mtoto polepole. Mama wa watu wala hajui."

Perrine akatazama. Kwenye kivuli ambacho Anselme hakupaka kitu chochote ila giza, kulikuwa na bega. Juu ya bega kulikuwa na kichwa kilichofungwa vitambaa, kimeinama kuelekea kitandani.

Alirudi nyumbani mbio, akamkuta Anselme anasoma gazeti, uso umemng'aa.

"Anselme, ulimchora nani kivulini?"

"Sikuchora mtu."

"Basi yule ni nani?"

Anselme akakunja gazeti. Akalikunja tena, likawa dogo.

"Lami hujikunja joto likizidi," akasema, sauti imeshuka. "Hutambaa. Watu huona wanachotaka kuona."

"Mimi nimeona mtu. Na jana hakuwa pale alipo leo, nimemwuliza mlinzi. Anamjia Odile."

"Odile yuko chumbani kwake!"

"Nenda kamnuse nywele, kisha uniambie yuko wapi."

Hakwenda. Alijua harufu ile. Alikuwa ameishi nayo kwenye vidole baridi nzima.

"Iondoe," Perrine akasema. "Nakuomba. Iondoe picha pale."

"Haiondoki, mke wangu. Sheria ya maonyesho ni moja, kilichotundikwa hakishushwi mpaka siku ya kufunga. Hata rais mwenyewe angekuja." Akamshika mkono. "Na waamuzi wanapita wiki hii. Niwaambie nini? Kwamba kuna mtu ameingia kwenye picha yangu na mimi simjui?"

Alimpenda mwanawe, hilo Perrine hakulitilia shaka hata siku moja. Lakini mtu aliyekataliwa muda mrefu hawezi kuiacha sifa ikimjia, hata kama si yake. Waamuzi walipita. Walimsifia zaidi ya yote yule malaika, na Anselme akainamisha kichwa akapokea.

Ndipo Perrine akamwita shangazi yake Barbe, aliyekaa nyuma ya stesheni ya treni ziendazo Bretania, pwani ya kwao. Barbe alikuwa na ulimi wa pilipili na mikono ya dawa. Alipuliza majeraha ya moto yakapoa, na waliopatwa na woga wa usiku aliwaponya. Aliingia chumbani kwa Odile, akainama, akamnusa utosini.

"Huyu hana homa, mwanangu," akanong'ona. "Huyu anafungwa."

"Nani anamfunga?"

"Waliotolewa makaburini. Kwetu mtu akizama baharini asipatikane, tunafanyaje?"

"Tunazika msalaba wa nta badala yake."

"Kwa nini?"

"Asije akatafuta pa kulala."

"Haya. Hawa wamefukuliwa, wamesagwa, wametiwa mkebeni kama jemu. Wanatafuta pa kulala, na mumeo, mtu mwenye akili sana, amewachorea kitanda. Tena na mtoto ndani yake."

Perrine akakaa chini sakafuni. Kutoka kitandani ilisikika sauti kavu ya Odile ikisema, "Legeza, Mama, legeza," na hakukuwa na kitu cha kulegeza.

"Msalaba wa nta hautoshi?"

"Nta ni ya asiyepatikana. Hawa wanapatikana, wako ukutani. Kaikwangue rangi yao yote, uniletee, tuwape udongo. Lakini sikiliza, we mtoto, yote. Usiache hata punje. Pale utakapoiacha, ndipo watakapokaa."

Siku ya kugawa medali ndiyo siku pekee ambayo kumbi za picha zilibaki tupu, kwa sababu kila mtu, mlinzi kwa mchoraji, alikimbilia ukumbi mkubwa kusikia majina. Perrine alimwambia Anselme atangulie. Ilikuwa adhuhuri, na jua liliingia kwa nguvu kupitia paa la vioo.

Alipita ukumbi baada ya ukumbi, kisu cha rangi cha mumewe kimefichwa ndani ya shali, na kadiri alivyokwenda ndivyo makofi na tarumbeta za kule mbali zilivyofifia, na badala yake akawa anasikia sauti nyingine, sauti ya kitambaa kikavu kinachoburutwa, taratibu, mbele yake na si nyuma, kana kwamba kuna mtu anayeelekea kulekule anakoelekea yeye na anataka kumtangulia, na harufu ya manemane ikamjia nzito hadi machozi yakamtoka, naye akaanza kukimbia, na alipofika mbele ya Mkesha sauti ile ikakoma.

Goti moja la yule wa kivulini lilikuwa limeshapanda kitandani. Mkono wake uliofungwa vitambaa ulikuwa chini ya mto wa mtoto. Na yule mama kwenye picha, Perrine mwenyewe, alikuwa bado amepiga magoti, macho amefumba, anasali, haoni kitu.

Akaanza kukwangua. Rangi ilitoka laini na yenye kunata, kama sukari iliyoungua, na kila alipoitia kwenye leso ilikuwa na joto la mwili. Akakwangua goti, akakwangua bega, akakwangua kichwa, na chini yake hakukuwa na uso, kulikuwa na turubai tu. Nyuma yake, kwenye kuta zote, kila picha ilikuwa na kona yake ya kahawia, na kona zote zilinyamaza kama watu wanaongoja zamu. Hakugeuka kuzitazama. Aliogopa kwamba akigeuka hatarudi tena kwenye kazi.

Kivuli kikaisha. Akabaki mtoto.

Weusi wa chini ya macho, mashimo ya mashavu, zile nywele, yote yalikuwa mumiani, aliyoitia Anselme mbele ya macho yake siku ya vanishi. Perrine akaweka ncha ya kisu chini ya jicho la kushoto. Lilikuwa jicho la Odile. Lilikuwa na kile kidoti karibu na kope, alichozaliwa nacho. Kisu kikainua gamba dogo, na jicho lile likamtazama, si kwa ubaya, ila kama Odile anavyotazama akiwa anachanwa nywele na anaumia na hataki kulia.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ni mama gani atakayemkwangua mwanawe uso, hata wa rangi? Alijiambia akwangue. Akaushika mkono kwa mkono mwingine, akausukuma, na mkono ukakataa. Kutoka ukumbi mkubwa likasomwa jina la mumewe, medali ya daraja la kwanza, makofi yakaja kama mvua kwenye paa, na nyayo za mlinzi zikasikika zinarudi. Perrine akafunga leso, akakimbia.

Barbe alikuwa anamngoja kwenye makaburi ya Montparnasse, karibu na ukuta, ameshachimba shimo kwa koleo la bustani.

"Yote?"

"Yote."

Shangazi akamtazama kwa muda mrefu. Perrine akatazama leso. Wakaizika kwa sala ya kwao, ile wanayosomewa waliozama, na Perrine akashindilia udongo kwa viganja vyake mwenyewe.

Aliporudi, Odile alikuwa amekaa mezani. Amekaa! Alikuwa anakunywa supu ya vitunguu, na kwenye paji la uso wake kulikuwa na jasho, jasho zuri la mtoto. Perrine alimlamba jasho lile, akalia, akacheka, akamnusa nywele. Manemane haikuwepo. Ilibaki harufu ya sabuni na vitunguu. Punje chache tu, alijiambia. Punje chache zitafanya nini?

Anselme akaingia jioni amelewa furaha. Habari ya picha ilikuwa haijamfikia. Kesho wangegundua, wangepiga kelele, wangeita polisi. Lakini leo mlinzi alikuwa ameshazifunga kumbi kwa kufuli bila kuzikagua, na Mkesha, tangu adhuhuri ile, ulikuwa umenunuliwa na serikali, utundikwe kwenye jumba lake la picha siku zote. Aliwaambia hayo kwa kujigamba. Perrine akazikumbuka punje alizoziacha usoni mwa mtoto wa pichani, mahali ambapo kisu chake hakingefika tena.

"Na aliyetuletea bahati yote ni huyu hapa," Anselme akasema, akamwekea Odile medali kiganjani. "Amepona, Perrine! Tazama anavyokula! Nilikuambia ni joto tu."

Odile akaigeuza medali, akaiweka chini kando ya sahani. Akamaliza supu yake. Kisha akamtazama mama yake, na chini ya jicho la kushoto, karibu na kile kidoti, gamba dogo la ngozi lilikuwa limeinuka.

"Mama," akasema kwa upole kabisa, kwa sauti ambayo haikuwa ya mtoto mmoja, "wenzetu umewazika vizuri. Tumesikia. Sisi utatuzika lini?"

Anselme akarudi nyuma hadi ukutani. Odile akateremka kitini, akaenda mwenyewe kitandani, akalala chali. Akakunja mikono kifuani, akangoja.