Mtoto Aliyefungiwa Mtihani kwa Ajili ya Maji

Wazazi wenzangu, na ninyi walimu mnaoshika funguo za shule, ketini niwasimulie jambo lililotendeka hapa hapa Eldoret, mji ambao wengi wetu tuliuita Sisibo. Waliotendewa walikuwa majirani zetu, na sisi tulikuwapo.

Ilikuwa Jumapili ya baridi, mwaka wa 1951. Katika nyumba ya Walubengo, kwenye lokesheni, mtaa wa Waafrika ulio karibu na mto Sosiani, watu kumi na wawili walikuwa wameketi bila kusema neno. Walubengo alikuwa kibarua wa kiwanda cha magome ya miwati, yale yanayotoa dawa ya kutengenezea ngozi, na vidole vyake vilikuwa vimegeuka rangi ya chai nzito. Yeye na mkewe Nanzala walikuwa wa dini ya Marafiki, wale wanaoitwa Wakweka, dini waliyokuja nayo kutoka kwao magharibi. Marafiki huomba kwa kunyamaza, na hawabatizi kwa maji. Wao husema kwamba Roho ndiye abatizaye.

Kimya kilipokwisha, binti yao Nasike, mwenye miaka kumi na minne, alisimama akawasomea Biblia. Wengi wa wazee wale hawakujua hata herufi moja. "Rudia hapo, mama," mzee mmoja alimwambia, naye akarudia mara tatu bila kukunja uso. Walubengo alimtazama mtoto wake akaona moyo wake umejaa furaha. Nasike alikuwa darasa la nne, wa kwanza katika darasa lake, na mwisho wa mwaka angefanya mtihani wa kuendelea mbele. Alitaka kuwa mwalimu.

Kesho yake Nasike alirudi nyumbani kabla ya saa nne, gauni limelowa, meno yakigongana.

"Kuna nini?" Walubengo, aliyekuwa zamu ya mchana, akauliza.

"Ni Mwalimu Murunga, baba. Wasio na kadi ya ubatizo tunasimama nje wakati wa maombi. Leo mvua imetukuta huko. Anatuita watoto wa nje. Na amesema asiye na kadi hatafanya mtihani."

Huyu Murunga alikuwa mwalimu mkuu mpya. Shule ilisimamiwa na misheni moja, lakini serikali iliilipia mishahara kutoka kwa kodi tuliyolipa sote. Na kuta zake? Mawe yalibebwa na Marafiki, na Waislamu wa mjini, na Wanandi ambao hawakuwa wamewahi kuingia kanisani. Hakuna aliyeulizwa dini yake alipokuwa na jiwe kichwani. Nawaambia wazi, nikikumbuka hayo hasira hunipanda mpaka leo.

Walubengo alikwenda shuleni, kofia mkononi.

"Mwalimu, mtoto wangu ni Mkristo. Sisi kwetu hatutumii maji, basi. Na shule hii ni yetu sote. Hata mimi nilibeba mawe yake."

Murunga hakuinua macho kutoka kwenye rejista. "Mawe ulibeba wewe, Walubengo, lakini ufunguo ninao mimi. Mlete Jumamosi abatizwe. Ni maji kidogo tu, hayaumi. Au unataka afue nguo za wazungu maisha yake yote?"

Neno hilo lilimchoma Walubengo. Njiani alijiambia: maji ni maji tu, Mungu anajua moyo. Alipofika nyumbani akamwambia mkewe hivyo hivyo.

Nanzala aliweka chini sufuria ya ugali. "Baba Nasike, kama maji ni maji tu, mbona yeye ameyafanya kuwa mlango?"

"Nataka mtoto asome, Mama Nasike!"

"Hata mimi nataka. Lakini leo umemfundisha kwamba imani ni kitu cha kubadilisha mtu akikutisha."

Nasike alikuwa ameinama akipepea moto. "Baba akisema niende, nitaenda," alisema polepole. Na Walubengo akasema nenda.

Jumamosi watoto tisa walipangwa mstari katika darasa kubwa, wazazi wakisimama nyuma. Mmoja wao alikuwa Chepkorir, rafiki wa Nasike, binti wa Kipyego, Mnandi mchunga ng'ombe katika shamba la mzungu, mahali paitwapo Ziwa. Mwalimu wa dini alikuwa tayari na bakuli la maji. Ila kwanza Murunga alitaka kila mtoto ajibu swali lake mbele ya watu.

"Chepkorir, unaikana dini ya giza ya wazazi wako?"

Chepkorir alitazama sakafu. "Naikana." Akamwagiwa maji, akapewa jina la Tryphosa. Nyuma kule, Kipyego aligeuza uso ukutani kama mtu aliyepigwa kofi.

"Nasike, unaikana dini ya giza ya wazazi wako?"

Nasike aligeuka akamtafuta baba yake kwa macho. Walubengo alikuwa na maneno kinywani. Alijua akiyasema, mtihani umekwenda. Akainama akaanza kunyoosha ukingo wa kofia yake, ingawa haukuwa umekunjika.

Mtoto akageuka mbele tena. "Mwalimu, nyumbani kwetu sijaona giza."

Murunga alichukua kalamu, akafungua rejista, akalikata jina lake mbele yetu sote. Tulikuwa watu wazima zaidi ya ishirini mle ndani. Hakuna aliyekohoa. Jamani, tuliogopa mtu mmoja na kalamu yake!

Siku ya mtihani Nasike alikwenda hivyo hivyo, gauni limepigwa pasi, penseli imechongwa. Mlangoni akarudishwa. Alikaa chini ya dirisha mpaka wenzake walipomaliza, akiyajibu kichwani maswali aliyosikia yakisomwa. Chepkorir alitoka akamkuta pale, wakalia pamoja.

Ndipo Walubengo alipoamka, kwa kuchelewa. Alimtafuta Kipyego, na Mzee Rajabu fundi cherehani, Mwislamu ambaye wajukuu zake walikuwa wamekatazwa shule tangu mwezi wa pili. Watatu hao, kila mmoja na dini yake, waliketi kwenye benchi la Mzee Rajabu wakasema barua kwa Kiswahili, na Nasike akaiandika. Wakaipeleka ofisi ya elimu.

Ofisa wa kizungu aliisoma mara mbili. "Karani gani amewaandikia?"

"Si karani, bwana," Walubengo akajibu. "Ni yule mtoto aliyekatazwa mtihani."

Ofisa akaikunja barua, akasema angetuma mtu. Alimtuma baada ya miezi minne. Mkaguzi alipofika alikuta nusu ya madawati ni tupu. Akaandika kwamba shule inayolishwa na kodi ya watu wote haiwezi kumfukuza mtoto kwa ajili ya dini ya kwao. Murunga akahamishwa. Wajukuu wa Mzee Rajabu wakarudi, na watoto wa Wanandi, na wakati wa maombi aliyetaka kukaa darasani na kitabu chake alikaa.

Lakini mtihani haurudi nyuma. Nasike alipoomba kurudia darasa, aliambiwa umri umepita na nafasi zimejaa. Akaenda kuwa yaya wa watoto wa mzungu mmoja huko Hoey's Bridge. Msichana aliyetaka kuwafundisha watoto wetu akawa anawafunga viatu watoto wa wengine, ili wao waende shule.

Walubengo alikwenda kumwona mara moja. Alimpelekea ndizi na karanga. Waliketi nje ya jiko, naye akasema, "Mwanangu, yule mwalimu alikuharibia maisha."

Nasike aliendelea kumenya karanga. "Murunga sikumtegemea, baba," alisema. "Mimi nilikuwa nakutazama wewe."

Walubengo alirudi Sisibo kwa lori la mahindi, akiwa amesimama njia nzima ingawa nafasi ya kukaa ilikuwapo.

FUNZO

Imani hupandwa nyumbani na mahali pa ibada, kwa hiari. Shule ya watu wote ni ya kuwafungulia watoto wa watu wote, na anayeweka dini yake mlangoni kama askari anaiba mara mbili: anamwibia mtoto elimu, na anaiibia dini yake heshima. Hata ukweli ukilazimishwa kwa njaa ya masomo huwa unafiki.

Nanyi wazazi, msiseme "ni jambo dogo tu" mtoto wenu anapotakiwa kuwatukana waliomzaa ili apate penseli. Msingoje mpaka jina lishakatwa ndipo mkatafute barua. Mtoto wa Mkweka akitolewa nje, mzazi Mwislamu aseme. Wa Mwislamu akitolewa, Mkatoliki aseme. Sisi tulionyamaza Jumamosi ile tulikuwa zaidi ya ishirini, na Murunga alikuwa mmoja.