Mkeka Usoni mwa Gari

Johari binti Sadala hakuwa mtu wa kupita penye harufu ya oili iliyoungua akanyamaza. Siku ile ya gulio Kibiti ilijaa watu mpaka barabarani. Yeye alikuwa ndiyo kwanza ametua mzigo wake wa mikeka kutoka Ruaruke, kanga mpya mwilini, wanja umekolea, mara lori la kijani likasimama mbele yake kwa kishindo na moshi. Ubavuni limeandikwa kwa rangi nyeupe: NIFUATE UKIWEZA. Akashuka dereva, kijana mrefu, kofia ya viua kichwani, suruali ya kaki imenyooshwa pasi utadhani anakwenda kuonana na Bwana Shauri wa Kiingereza kule Utete.

"Nani akufuate na moshi wote huo?" Johari akamwuliza.

Watu wakacheka. Dereva akageuka na ukali wake mdomoni. Alipomwona aliyesema, ukali ukamwishia.

"Dada, wewe uza mikeka. Mambo ya injini tuachie wenyewe."

"Wenyewe! Haya mwenyewe, fungua boneti."

Akafungua, huku anatabasamu kwa dharau. Johari akachomoa kijiti cha kupimia oili, akasugua tone kati ya vidole viwili, akanusa. "Imekufa hii. Nyeusi tii, utelezi hamna. Umeibadilisha lini? Kabla hujatahiriwa?"

Msishangae. Baba yake, marehemu Sadala, alikuwa fundi wa motaboti iliyokuwa ikivuta boriti za mikoko huko deltani. Mungu hakumjalia mtoto wa kiume, naye wala hakukaa kusikitika. Alimweka binti yake chumba cha injini, akamfundisha. Johari akajua kusuka ukindu kwa mama na kusikiliza mashine kwa baba, na kwa yote mawili hakumwinamia mtu.

"Unaitwa nani?" dereva akauliza, sauti imeshuka.

"Jina la muuza mikeka la nini?"

"Mimi Mwinyimvua, wa Mohoro. Niuzie mkeka basi."

"Mmoja?"

"Yote. Ila uje nayo."

Loo! Johari akacheka mpaka akajifunika uso kwa ushungi. Ndivyo yalivyoanza. Tangu hapo lori likawa halipiti Kibiti bila kukata kona kwenda Ruaruke, eti dereva anaulizia hali ya oili yake. Wazee wa Mohoro wakaja na posa, ikapokewa. Nikahi ikapangwa mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo na kabla masika hayajaikata barabara.

Na kwao Johari, binti akishaposwa humsukia mchumba wake mkeka kwa mkono wake mwenyewe. Mwanamume huutunza mpaka siku ya nikahi, akaukalia mbele ya shehe. Binti akija kuuchukua mkeka wake, basi, hakuna cha kuuliza: ndoa imekufa. Johari aliusuka wake kwa ukindu mwekundu na wa zambarau, akampelekea kwa mkono wa shangazi yake, Mwanamina.

Wiki tatu baadaye, gulioni, Mwinyimvua alimjia uso umemshuka.

"Mpenzi, nina neno. Usinikasirikie."

"Sema kwanza. Kukasirika nitaamua mwenyewe."

"Gari linaniaibisha. Nikitoka hapa sijafika Ikwiriri, oili imechemka, imekuwa nyepesi kama maji, mshale wa geji umelala. Fundi mmoja wa Dar es Salaam kaniambia nifunge rejeta ya oili. Oili inapita mle kwanza, inapoa, ndipo inarudi kwenye injini."

"Naijua. Motaboti ya baba ilikuwa nayo."

"Sasa inakuja kwa meli. Mpaka ifike, ifungwe, itakuwa baada ya Idi, na masika ndiyo hayo. Nikahi tuisogeze mpaka kiangazi, mama. Siwezi kumpakia bibi arusi wangu kwenye gari linalosimama kila maili tano, Mohoro nzima inicheke."

Kiangazi! Mtu amesuka mpaka vidole vimechubuka, leo anaambiwa asubiri bomba! Lakini alikuwa binti Sadala, akameza machungu akauliza kwanza. "Limeanza lini kuchemka?"

"Wiki tatu hizi."

"Oili umebadilisha?"

"Mara mbili, kama ulivyonifunza."

"Nipeleke nikalione."

Walipozunguka duka la Mhindi, Johari akasimama. Usoni mwa lori, kutoka taa hii hadi taa ile, umetandwa mkeka wake, umefungwa kwa kamba nne, wekundu wake unawaka juani. Watu wameuzunguka wanausifu. Fahari ilimjaa mpaka machozi yakamlenga. Mwanamume huyu anatembea na kazi ya mikono yake mbele ya nchi nzima! Kisha akili ya baba yake ikamrudia. Nyuma ya mkeka ule ndiko iliko rejeta ya maji, na nyuma ya rejeta ndiyo injini yenyewe. Sasa upepo unaingilia wapi?

Alichomoa kisu chake cha ukindu, akazikata kamba, moja, mbili, tatu, nne. Akaukunja mkeka, akautia kwapani.

Waliokuwa wakiusifu wakarudi nyuma.

"Johari!" Shangazi Mwanamina akapiga kelele, mikono kichwani. "Umefanya nini, mwanangu? Mbele ya watu?"

Hapo ndipo Johari alipokumbuka mkeka ule ni mkeka gani. Akamtazama Mwinyimvua.

"Kama umenichoka," akasema kijana, "ungeniambia nyumbani kwenu."

Angeweza kumweleza pale pale. Lakini neno lile lilimchoma: miezi yote hii, na bado anamdhania hivyo?

"Nenda Mohoro hivyo hivyo lilivyo," akamjibu. "Ukirudi, utaniambia wewe."

Lori likaondoka kwa hasira. Johari akarudi Ruaruke kichwa juu, akafunga mlango, akalia. Siku tatu shangazi alimsema kwa kiburi chake, na siku tatu Johari alikuwa anajiuliza, asiporudi je? Nani atakwenda kumwambia nilikuwa naliponya gari lake?

Ijumaa baada ya sala akasikia mlio. Akausikiliza kwa makini, kama alivyofunzwa: laini, hauna mgongano. Mwinyimvua akasimama uani na kanzu nyeupe.

"Nimefika Mohoro, nimerudi," akasema. "Mshale haujalala hata mara moja. Nimesimama Ndundu tu, kungoja pantoni, nikaweka mkono juu ya injini, nikakaa nao, hauungui."

"Na rejeta ya oili?"

"Meli ibaki nayo. Johari, nilikuwa nawaona watu tu pale, wewe sikukuona. Nisamehe."

"Na mimi nililiona gari, sikukuona wewe. Tumelingana."

"Ungeniambia, jamani!"

"Ungeniuliza! Mkeka nimekusukia ukae, wewe ukaufanya shela."

"Nilitaka wakuone! Wajue fundi wangu ni nani."

Johari akageuka asimwone anavyotabasamu. Akaingia ndani, akatoka na mkeka, akamwekea mikononi mbele ya shangazi na majirani wote.

"Wa kukalia," akasema.

"Wa kukalia," Mwinyimvua akaitikia.

Shaabani ikafika, na Mwinyimvua akaukalia kweli, mbele ya shehe na mashahidi. Alasiri Johari alipandishwa lori, amefunikwa gubigubi, kaketi kati ya shangazi na somo yake. Bibi arusi hainui macho siku hiyo, seuze sauti. Nje, wanawake wa Mohoro wanaliremba gari kwa kanga na nyimbo, na Mwajabu, dada wa bwana arusi, kapanda mbele na kanga doti nzima, anaanza kuifunga kutoka taa hadi taa.

"Weee! Hapo mbele pasifunikwe!"

Nyimbo zikakatika. Shangazi Mwanamina akamfinya bibi arusi paja. Wazee wakatazamana.

Mwinyimvua akapanda kwenye kikanyagio cha mlangoni, kifua mbele, akazungusha macho kwa watu wote.

"Mmemsikia fundi," akasema. "Toeni."

Vigelegele vikapasuka, kanga zikahamia ubavuni, na lori likashika njia ya Mohoro uso wazi.