Taka za Kesho

Haya yalimpata shangazi yangu, dada yake baba, na yalianza Jumanne asubuhi, jua zuri, nguo zikikauka kambani.

Uani kwao kulikuwa na mapipa matatu: la maganda na mabaki ya chakula, la chupa na plastiki, na lile kubwa la taka mchanganyiko, kimbilio la kila mvivu. Shangazi alikuwa askari wake. Hakuna aliyempa kazi hiyo, alijipa mwenyewe. Akikuta maganda ndani ya pipa kubwa, alipekua mfuko mpaka amjue mwenyewe, kisha akamrudishia mlangoni. Majirani walimchukia, naye hakubaki na deni.

Siku hiyo mfuko ulikuwa wa fundi cherehani wa ghorofa ya chini: vitambaa, mifupa ya samaki, chupa, vyote shaghalabaghala. Shangazi akaumwaga kizingitini pake.

"Fundi, wewe ni mtu au inzi?"

Fundi hakugombana. Aliinama, akaokota kimoja kimoja, kisha akasema polepole, "Mama, taka ukishazichambua, ni zako."

Kesho yake mfuko mweusi ulikuwa mlangoni kwa shangazi. Akaufungua kwa hasira. Ndani mlikuwa na miwani tu, kioo cha kushoto kimepasuka. Miwani ya mumewe. Lakini mumewe alikuwa sebuleni, ameivaa, anasoma gazeti.

Alasiri mumewe aliteleza kwenye ngazi, akapasuka kichwa. Kioo cha kushoto kikapasuka pia.

Alhamisi, mfuko mwingine. Bandeji zenye damu kavu. Pakiti ya dawa, tupu. Shangazi akavificha. Jioni jeraha la mumewe likafumuka, daktari akalifunga upya na kumpa dawa. Pakiti ilikuwa ileile, hata kona iliyokunjwa.

Ijumaa hakuufungua mfuko. Aliubeba kwa mkono mmoja, mwepesi kama pamba, akashuka nao kwa fundi amtupie usoni. Mlango ulikuwa wazi. Chumba kitupu.

"Alihama Jumanne," mlinzi wa jengo akamwambia.

Lori la taka lilikuwa linaingia uani. Shangazi akautupa mfuko kwenye pipa kubwa. Bila kuchambua. Mara ya kwanza maishani mwake.

Wazoa taka wawili wakalivuta pipa. Halikusogea. Wakamwita wa tatu.

"Mmetia nini humu?" mmoja akanong'ona.

Lori likameza. Likasaga.

Hapo ndipo shangazi alipomkumbuka mumewe, aliyemwacha kitandani. Akapanda ngazi mbio. Kitanda kitupu. Viatu vipo. Chai bado inafuka. Akaita. Akafungua hata kabati.

Polisi walipekua jalala siku nne. Hawakupata hata kifungo. Majirani hawakuja kumpa pole, walifunga madirisha tu.

Huu ni mwaka wa sita. Godoro amelibadilisha mara tatu. La mwisho nililipandisha mimi mwenyewe, jipya, likiwa ndani ya nailoni yake ya dukani. Tukaliweka kitandani saa nne asubuhi, tukaenda jikoni kunywa maji. Tuliporudi, upande wa ukutani, alipokuwa akilala mumewe, palikuwa na bonde la mgongo wa mtu.

Nikapapasa. Nailoni haikuwa imechanika popote.

Kwa ndani, ilikuwa imelowa jasho.